Mbuzi Alipanda, Mimi Nikashushwa

Angara akichemka, harufu yake haiombi ruhusa. Inapita mlangoni, inakaa kwenye nguo, na kesho yake jirani anajua ulikula nini. Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni na sufuria hiyo, samaki mkavu wa ziwani na simsim ya kusaga, mjukuu wangu Wani alipofika kutoka Arua na vijana wenzake. Wani anatengeneza simu pale mjini. Walikaa uani, vichwa vyote juu ya simu moja, wakipanga safari ya kwenda kuvua kwenye ziwa la Panyimur. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona. Huyu anasema ndoana, yule anasema barafu, mwingine anauliza kama mtandao unafika huko. Nikacheka peke yangu na moshi wangu.

Halafu Wani akaja mlangoni, akainama vizuri kama nilivyomfundisha. Akasema, "Bibi, ile mgono yako ndogo, tunaomba. Tutaweka mbele ya gari, tupige nayo picha."

Mgono ni kikapu kirefu cha kuvulia samaki. Tumbo lake pana, mdomo wake mwembamba, na ndani ya mdomo kuna vijiti vinavyoelekea tumboni, samaki akishaingia harudi. Huo mdogo niliufuma kwa ajili ya Kiden, kitukuu changu, mtoto wa dada yake Wani, ambaye tangu mvua iishe ananiuliza ni lini atautega. Nikamwuliza Wani kama Kiden naye anakwenda.

"Kiden iko msichana, Bibi. Hii ni safari ya wanaume."

Nikaepua sufuria. Nikampa chai yake anywe, nikamwambia nitamjibu kabla hawajaondoka. Hasira iliyonishika haikuzaliwa Jumapili hiyo, na wala si Wani aliyeizaa. Ni ya zamani, na mpaka leo haijazeeka kama mimi nilivyozeeka. Shule nilisoma kidogo tu, lakini jina la mtu silisahau, na katika habari hii silisahau hata jina la mbuzi.

Tulikaa Lobule, upande huu wa Koboko. Baba yangu alikuwa kusini kwenye mashamba ya miwa, kama baba wengi wa wakati ule, na boma letu lilikuwa mikononi mwa Habuba Poni, mama yake. Habuba ndilo neno tulilomwitia bibi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vigumu kama mizizi ya muhogo, na mambo yote ya kijito yalikuwa yake. Kwetu uvuvi wa kijito ulikuwa kazi ya wanawake. Wanaume waliwinda, walichunga, walizungumza. Samaki hakuwahusu mpaka awe kwenye bakuli. Kiangazi kilipoanza, wanawake walijenga ukuta wa matope na matawi kukata maji, wakaacha nafasi ndogo ndogo, na kila nafasi mwanamke akatega mgono wake. Ambaye hakuwa na mgono hakuwa na nafasi. Sisi wasichana tulikuwa wabebaji tu. Tulibeba samaki wa wenzetu mpaka nyumbani, maji ya samaki yakitutiririka mgongoni.

Mpaka siku upate mgono wako. Bibi yako akufumie, mdogo, kiasi cha mwili wako. Samaki wa kwanza atakayeingia humo humli wewe. Unampelekea aliyefuma, naye anakula kichwa mbele ya wanawake wote, kisha anachukua maji mdomoni na kukupulizia kwenye viganja. Basi. Kuanzia hapo umehesabiwa. Ukifika kijitoni wanasogea, wanasema, nafasi ya fulani iko pale.

Mimi nilikuwa nataka kuhesabiwa kuliko nilivyotaka nguo.

Mwaka ule mvua ilitudanganya. Ilitisha, ikanguruma, ikaenda zake Kongo. Kijito kikabaki madimbwi. Tukala ugali wa muhogo na majani ya kunde mpaka meno yakawa ya kijani. Ndipo akaja baba mdogo Modi, mdogo wake baba, aliyekuwa tanboi kwenye lori la kubeba tumbaku, yule wa kupanda nyuma na kufunga mizigo. Lori lake lilikuwa limepita karibu na ziwa. Alisema samaki wa huko mmoja analisha nyumba. Alisema angara wanang'aa kama sufuria mpya. Dereva wake angekwenda tena upande ule, na alikubali kubeba watu na kuwarudisha.

Boma lote likashikwa na homa ya ziwa. Habuba Poni alimkalisha Modi uani akamwuliza maswali. Maji yanafika wapi, magotini au kiunoni? Yanatembea au yamekaa? Chini ni tope au mchanga? Modi alijibu yote kwa neno moja, kwamba yako mengi. Habuba akasema ziwa asilolijua hawezi kulisemea, ataliona kwanza kwa miguu yake, ndipo ajue mgono unalala vipi. Modi akaitikia. Nilikuwepo. Niliketi kando ya kinu na nilimsikia akiitikia, akasema, "Utaona, Mama. Wanawake wote watapanda."

Katika kichwa changu ziwa lilikuwa dimbwi letu la kivukoni, ila limenenepa. Nilijua kutakuwa na kina mama wa ng'ambo wameketi wakiosha muhogo, na kwa kuwa hatufahamiani, itabidi tuwasalimie. Kwa hiyo nilikwenda nyuma ya ghala nikafanya mazoezi ya kupaza sauti, nisalimie nisikike upande wa pili. Mama yangu Candiru, aliyekuwa mtu wa Ajia na hakuzoea ujinga wa watoto wa Lobule, aliuliza kama nimepandwa na kitu.

Walifuma wiki nyingi. Uani palijaa harufu ya fito mbichi na matope meusi ya kutilia rangi. Alifuma Habuba, akafuma mama, akafuma mama mdogo Keji, mke wa Modi, akafuma na jirani yetu Jokudu ingawa alikuwa na mimba kubwa na hakuna aliyedhani atakwenda. Kila mgono wa Habuba ulikuwa na alama yake mdomoni, fito mbili nyeusi zimesokotwa kama nywele. Alipomaliza mikubwa, akaniita. Alinipima kwa mkono, kutoka kwapani mpaka kidoleni. Ule uliotoka hapo ulikuwa mwepesi kama kifaranga, mdomo wake unaingiza ngumi yangu tu, na fito mbili nyeusi zilikuwepo pia.

Akasema, "Huu ni wa ziwa. Nimeuahidia ziwa. Usiuonjeshe maji mengine."

Mgono ulioahidiwa maji fulani haupewi maji mengine, ndivyo tulivyokaa. Kwa hiyo wanawake walipokwenda kumaliza dimbwi la mwisho la kijito, nilikwenda mikono mitupu. Rafiki yangu Asha, mtoto wa fundi wa baiskeli, alitega mgono wake siku hiyo na kambare mdogo akaingia, mdogo kweli, mweusi kama kiatu. Bibi yake akala kichwa, akampulizia maji. Asha alirudi ameinua viganja vyake vilivyolowa ili kila mtu avione. Mimi nikabeba kambare wake.

"Wewe na mgono wako kavu," akaniambia njiani. "Utavua umande?"

Nilikuwa na ziwa zima.

Siku ya safari lori lilisimama barabarani na wanawake wakapakia. Walipakia migono kwanza, ikapangwa chini, kisha unga, kisha magunia matupu ya kuletea samaki. Halafu akapandishwa mbuzi. Modi alikuwa amefikiri kwamba kila maji yana mwenyewe, kama kijito chetu kilivyokuwa na mzee wake wa kukifungua, kwa hiyo lazima tuwe na mbuzi wa kumpa mwenye ziwa. Mbuzi huyo aliitwa Sajini kwa sababu ya ndevu zake na kwa sababu ya kupenda kusimama mbele. Nikapanda mimi. Nilikuwa wa kwanza wa upande wa wanawake. Nikashika ubao wa lori, nikaona boma letu kutoka juu, na ghala letu lilikuwa dogo.

Wakapanda wanaume wa boma, Lado, na Tombe, na Jada, na Pitia. Ndipo baba mdogo Modi akanishika kwapani, akaniinua, akaniweka chini barabarani kama mtu anayeteremsha debe.

Akamwambia Habuba, bila kumwangalia, kwamba amesikia kule ziwani wanawake hawaingii majini. Samaki wanakimbia.

Habuba akauliza, "Umesikia kwa nani?"

"Watu wa kule."

"Basi nipe migono yetu."

"Imekwisha fungwa chini, Mama. Juu kuna magunia."

"Fungua."

"Dereva iko na haraka."

Na dereva kweli alikuwa akipiga honi. Lori likaondoka. Vumbi lilipotua, wanawake walikuwa wamesimama na kanga zao za safari, kila mmoja amejifunga vizuri, kama watu waliovaa kwenda arusini wakaambiwa bwana harusi amehama. Mama mdogo Keji alikuwa bado ameshika chumvi ya mumewe mkononi. Hakuna aliyelia, isipokuwa mimi, na mimi sikulililia ziwa. Nililia kwa sababu ya mbuzi. Katika akili yangu ya kitoto, nafasi zilikuwa zimepungua, na Sajini ndiye aliyechukua yangu. Nilimchukia mbuzi yule kwa moyo wote. Niliomba Mungu amtupe njiani. Baba mdogo sikumchukia hata kidogo. Nilidhani naye amelazimika. Ndiyo sababu hata leo nikimwona mtoto anamkasirikia asiyehusika, simgombezi.

Lakini nilijifariji. Mgono wangu ulikuwa umekwenda. Niliamini mgono unajua mwenyewe la kufanya, kama ng'ombe anavyojua njia ya nyumbani. Samaki wangu wa kwanza angeingia nikiwa nimelala Lobule, na angekuja na lori.

Walirudi na samaki. Siwezi kusema hawakurudi na samaki. Magunia ya angara waliopasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, na vipande vya samaki mkubwa mnene kama paja. Boma lilijaa watu. Modi alisimama katikati akasimulia jinsi walivyoingia majini mpaka kifuani, jinsi Lado alivyovutwa na samaki, jinsi Tombe alivyopiga kelele. Habuba Poni alikuwa ameketi kwenye ngozi yake. Akauliza migono iko wapi.

Modi akasema kiboko alitoka majini akaivunja.

"Yote?"

"Yote, Mama."

Habuba akafikiri. Akasema, "Kiboko huyo ana adabu. Amevunja migono ya wanawake, akaacha suruali za wanaume."

Wanawake wakacheka kimyakimya, mabega yao yakitikisika. Mimi sikuelewa kicheko. Nilikuwa na shida yangu. Nikajipenyeza mpaka mbele ya Modi, nikamwuliza samaki wa mgono wangu ni yupi, kwa sababu kichwa chake ni cha Habuba, na nahitaji kuhesabiwa kabla giza halijaingia.

Baba mdogo alitabasamu. Sasa, alikuwa mtu mkarimu, sitaki kumpunguzia. Alitaka kunifurahisha. Akatazama rundo, akachagua samaki mkubwa kuliko wote waliokuwa wazima, akaniwekea mikononi. "Huyu. Ameingia kwako."

Nilimkumbatia samaki yule kwa mikono miwili. Kichwa chake peke yake kilikuwa kikubwa kuliko kichwa cha mbwa wetu. Na mdomo wa mgono wangu uliingiza ngumi yangu tu. Nililiona jambo hilo, nikaona na wanawake wameliona, maana kicheko kilikuwa kimekwisha ghafla. Nilimpelekea Habuba hivyo hivyo. Alimtazama samaki, akanitazama mimi, akaninyang'anya kwa upole akamrudisha kwenye rundo.

"Samaki wangu bado iko majini," akasema. Usiku huo wote walikula. Yeye alikula ugali na majani.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, mama alinichukua kwenda kwao Ajia, na tukapita soko la Arua. Kwenye mstari wa samaki nilisimama. Mama alinivuta, sikuvutika. Mwanamke mmoja alikuwa anauza samaki wadogo wakavu, na amewaweka ndani ya kikapu kipana chenye fito mbili nyeusi zilizosokotwa kama nywele. Mdomo wenyewe ulikuwa umekatwa na kutupwa pamoja na vijiti vyake. Alama ilikuwa imebaki upande mmoja tu. Hata hivyo ningeijua gizani.

Mama naye aliijua. Akamsalimia yule mwanamke, akamwuliza jina, naye akasema anaitwa Akumu, mtu wa ziwani, wa kule kule Panyimur. Mama akasifia kikapu.

Akumu akacheka. "Hii? Wanaume wa Koboko walileta. Walitupa kwenye maji, ikaelea juu kama bata. Wakakaa ukingoni wanaangalia, wanaangalia. Tukawaonea huruma, tukabadilisha na samaki. Na mbuzi wao tulikula, alikuwa mzuri."

Ikaelea! Habuba Poni hakuwahi kutega mgono bila kuulowesha tangu jana yake, na bila kutia jiwe tumboni. Jiwe la kiasi, lililookotwa na mwenye mgono mwenyewe. Wanaume wale walizaliwa pale, walikula samaki wa kijito tangu meno ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama kutazama kuna nini ndani ya mgono. Na bado wao ndio walioambiwa wapande lori.

Nikamwuliza Akumu kuhusu ule mdogo.

Alikumbuka. Mdogo aliupenda jirani yake, akaukata katikati. Kuku wake anatagia humo.

Kuku. Nilitembea mpaka Ajia nikiburuta miguu. Mama alidhani nimechoka akanibebea mzigo wangu.

Tuliporudi Lobule nilisema yote, wakati wa kula, Modi akiwa pale pale na mkono wake kwenye bakuli. Nilisema Akumu, nikasema bata, nikasema kuku. Mama alinifinya, lakini Habuba akasema mtoto aseme amalize. Nilipomaliza, baba mdogo alinawa mikono taratibu. Akasema mtoto wa kike mwenye mdomo ataolewa mbali. Hakusema kwamba ni uongo. Kisha akaondoka, na kesho yake kisa cha kiboko kiliendelea kusimuliwa penye pombe kama kawaida, na kila mwaka maji yalizidi kupanda, kutoka kifuani hadi shingoni.

Habuba aliniambia jambo moja tu. Kwa kuwa mgono haukulowa, haujaonja maji. Basi ahadi bado iko palepale, na atanifumia mwingine. Lakini mvua zilipokuja vidole vyake vilivimba, vikakataa kukunjika, na kazi ya fito hakuiweza tena. Mama alitaka kunifumia yeye. Habuba alikataa, akasema aliyeahidi ndiye anayefuma. Alikufa bila kula kichwa cha samaki wangu.

Kwa hiyo mimi sikuhesabiwa. Nimetega migono maisha yangu yote, nimelisha watoto kwa migono, lakini kijitoni nilikuwa nategea kwenye nafasi ya mama, na kisha kwenye nafasi ya mama mkwe. Asha, ambaye tulizeeka pamoja, alikuwa akinitania mpaka alipokufa kwamba namdai mshahara wa kubeba kambare wake. Mnaweza kusema ni jambo dogo. Siku ya kumzika baba mdogo Modi, msemaji alisimama akasema hapa amelala mtu aliyetufundisha watu wa Lobule kuvua ziwani kwa mikono yake. Nilianza kusimama. Mama mdogo Keji, mjane mwenyewe, alinishika nguo. Akaninong'oneza, "Kaa, mwanangu. Leo ni siku yake." Nikakaa. Nimekaa tangu siku ile.

Sasa Wani anataka mgono kwa picha.

Nilimwita kabla hawajapanda gari. Nikamwambia mgono hauendi bila mwenyewe, na mwenyewe ni Kiden, na Kiden ni mtoto, hawezi kwenda bila aliyemfumia. Akaanza kuniambia gari dogo, Bibi, barabara mbaya, Bibi, tuko na sanduku la barafu. Nikamwuliza sanduku lina ndevu? Hakuelewa. Nikamwuliza, basi, katika wao wote ni nani anayejua mgono unalala vipi. Vijana walitazamana, mmoja akatoa simu atafute. Wani alimzuia kwa mkono. Akasema sanduku linaweza kufungwa juu.

Tunaondoka Jumamosi. Nimemwambia Kiden akae mbele, mapajani mwangu, na mtu yeyote akimshika kwapani apige kelele. Sijui kama samaki ataingia. Ziwa silijui, na nisilolijua silisemei. Akiingia, kichwa ni changu, mimi ndiye niliyefuma, na upande mmoja nitaumega niudondoshe majini, Habuba Poni ajue nimefika. Mgono umelala ndani ya beseni, unalowa. Jiwe Kiden ameliokota mwenyewe. Liko hapa mlangoni.